Herufi Zilizobaki Mlangoni

Te-te-te-te-te. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo. Wala si sauti ya mtu mwingine, ni yangu mimi mwenyewe, imekwama ndani ya mashine juu ya herufi moja kama mtu anayetetemeka kwa baridi, na hakuna kidole cha kuinyamazisha. Unabonyeza clavier, kibodi nzima, hakuna kitu. Unasukuma panya, mshale umelala palepale. Unangoja, unaomba Mungu, mwisho unachomoa waya wa batri. Kimya kinachokuja baada ya hapo ni kibaya kuliko kelele yenyewe.

Grâce na Dédé, ninyi mnaobaki katika atelier, karakana yetu ya mashine, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Haya, ninaandika, kwa kalamu na polepole, kwa sababu daktari amesema viganja vyangu vimekwisha na clavier nisiiguse tena. Nina miaka thelathini na nne, na majirani tayari wananiita Mama Pensheni. Sitawaeleza nani alipandishwa cheo. Katika atelier ya watu wawili mahali pa kupanda ni hapo tu, juu ya kiti, ukienda kubadilisha balbu.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kanisa. Nilikuwa nimeishia mwaka wa nne wa sekondari, na kichwani nilikuwa na ndoto nyingi kuliko vitu. Papa Tshibangu, mwenye atelier, alikuwa mtoto wa mmoja wa wale waliotolewa Kasai kuja kufanya kazi za mgodi. Yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza vipimo vya umeme kiwandani miaka mingi, hata siku walipomwambia abaki nyumbani. Akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaweka meza, akaanza kutengeneza mashine za watu.

Alinitazama kuanzia viatu.

"Weye unajua nini?"

"Hakuna, Papa."

"Muzuri. Bale banajua ndio banaharibu mingi."

Akanipa brosi ya kupakia rangi ukuta, imekatwa nywele nusu ili iwe ngumu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu mwezi mzima. Ninyi mnalijua vumbi letu, lile jekundu linaloletwa na upepo kutoka mgodi wa Kamatanda. Linaingia katika mashine na kulala juu ya feni kama blanketi, mashine inapata joto, inazimika, na mteja anasema ni uchawi wa shemeji yake. Nilifukuza uchawi mwingi kwa brosi ile.

Alinifundisha pia kusikiliza. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye diski na mpini kwenye sikio, kama daktari. Diski nzima inavuma. Diski inayokufa inagonga. "Sikiliza kwanza, kisha ndio ufungue," alikuwa anasema. "Muntu hapasuliwe mbele ya kuulizwa."

Na kulikuwa na sheria moja. Aliiandika kwa chaki juu ya ukuta, na kila ilipofifia aliiandika upya: BATRI MOJA, MASHINE MOJA. Nyaya za kutoka bwawa la Koni zinapita juu ya paa zetu, mnazijua, lakini courant, umeme wenyewe, inaingia ndani inapotaka. Kwa hiyo tulifanyia kazi batri kubwa ya lori. Kabla sijafika, siku moja waliwasha mashine mbili kwa batri hiyo, ikaisha ghafula, na kazi ya mwaka mzima ya shule moja ikapotea katikati ya kuandikwa. Papa Tshibangu alikwenda mwenyewe kuwaomba walimu msamaha. Tangu siku hiyo, mashine ya pili haiwashwi kabla ya ile ya kwanza kulala. Nilifanya kazi chini ya sheria ile miaka kumi bila kuiuliza. Ilikuwa sheria nzuri. Ndiyo maana ilituua.

Sasa ninafika kwa Mama Kapinga.

Alikuwa standardiste katika ofisi moja ya mji, ni kusema ndiye aliyepokea telefone za watu wote na kuzipitisha. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Alijua sauti za nusu ya Likasi. Ukimwambia "bonjour" mara moja, mwaka ujao atakuuliza kama kikohozi kilipona. Halafu kila mtu akawa na telefone yake mfukoni, na ofisi ikaondoa meza ya telefone. Chef wa personnel, mkuu wa wafanyakazi, akamwambia wazi: kuna nafasi moja katika sekretariati, ataipata akionyesha kwamba anaweza kuandika barua kwa mashine peke yake, bila mtu kumshika mkono. Wakampa miezi mitatu. Akishindwa, anarudi nyumbani. Hana mume, ana mama mzee.

Akaja kwetu na moto-taxi, na fimbo yake nyeupe, na kikwembe cha kujifunga kilichonyooshwa vizuri kuliko changu.

"Papa Tshibangu, banasema unatengeneza bintu byenye bilikufa. Minye ningali muzima. Utanisaidia vilevile?"

Papa alicheka hadi akaondoa miwani. Kisha akaandika programu kwa ajili yake, wiki tano, kwa mkono wake mwenyewe. Akaiita Kinywa. Kila herufi unayobonyeza, Kinywa inaitamka sikioni mwako ili ujue umegusa wapi. Ukipeleka panya juu ya kitu, inakuambia ni kitu gani. Sauti ilikuwa yangu. Tuliirekodi ndani ya kabati ya Mama Tshibangu, mimi nimesimama katikati ya vikwembe vyake ili kelele za barabara zisiingie, jasho linanitoka, ninasema a, be, se, de. Nilikuwa na furaha isiyosemeka. Niliona mbele kila ofisi ya Katanga ina Kinywa, na kila kipofu ana kazi, na wote wanasikia sauti yangu. Ndivyo nilivyokuwa. Hata sasa nikijisahau niko vile.

Niwaeleze jinsi Kinywa ilivyofanya kazi, maana hapo ndipo pana kidonda. Ilikaa mlangoni. Herufi ikitoka kwenye clavier, inapita kwanza kwa Kinywa. Kinywa inaitamka, ikimaliza inaifungulia, herufi inakwenda kukaa juu ya karatasi iliyo kwenye kioo cha ekrani. Mshale wa panya vilevile. Hakuna kilichoingia ndani bila kupita mbele ya mlinzi huyo.

Mwezi wa pili Mama Kapinga alianza kuandika vizuri. Na mashine ikaanza kuganda. Si kila siku. Anaandika, anaandika, ghafula te-te-te-te, na kila kitu kinasimama. Mara nyingine inajifungua yenyewe baada ya kupumua kidogo. Mara nyingine hapana, tunachomoa waya. Papa akamwambia, "Ikikwama, weye usisimame. Endelea, itafuata." Kumbukeni neno hilo.

Nikachukua débogueur. Dédé, wewe unaipenda kuliko chakula, lakini nieleze kwa atakayesoma: ni chombo cha kusimamisha programu katikati ya mwendo, ili uitazame iko mstari gani na imeshika nini. Nikaiwasha Kinywa, nikangoja, nikabonyeza simamisha. Te-te-te-te. Mashine yote ikafa, na débogueur pamoja nayo. Nikachomoa waya, nikaanza upya, nikabonyeza simamisha. Te-te-te. Safari hii haikuwa imekwama hata kidogo, ilikuwa nzima! Kila nilipoisimamisha nione ina ugonjwa gani, ilikufa mikononi.

Basi nikafanya kama mjinga mwenye bidii. Nikabadilisha memwari. Nikabadilisha clavier. Nikapiga brosi feni ambayo haikuwa na vumbi. Nikasikiliza diski kwa bisibisi, ikavuma kama mtoto amelala. Nikahamisha kila kitu kwenye mashine nyingine, ikafa vilevile.

Papa Tshibangu alikuwa anapita nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Inabloka wakati gani?"

"Wakati minaisimamisha, Papa."

"Basi usiisimamishe."

"Sasa nitaona namna gani?"

"Aa, hiyo ni kazi yako. Minye ni muandishi." Akanywa chai. Aliipenda programu ile kama binti, hakutaka kusikia ina kasoro.

Siku moja nikafikiri hivi: kama mashine inakufa pamoja na programu, mwenye kutazama asikae ndani. Akae nje. Unachukua mashine ya pili, unaziunganisha kwa waya, ya pili inatazama ya kwanza. Ya kwanza ikiganda, ya pili bado ina macho. Wazo hilo lilikuja kichwani mwangu lote kamili, zikibaki siku tisa kabla ya mtihani. Ninawaandikia hili ili mjue: nilikuwa nalo.

"Papa, tuwashe mbili? Saa moja tu, hii iangalie ile."

Hakukasirika. Alionyesha tu ukuta kwa kidole, kisha akaweka mkono begani kwangu.

"Nadège, mutoto wangu. Batri ikikufa leo, Kapinga atajifunza juu ya nini kesho?"

Alikuwa na sababu. Courant ilikuwa haijarudi siku mbili. Nami nilimpenda sana mzee huyo, nikaona haya kumbishia. Ningeweza kuomba tena, ningeweza kwenda kuazima batri kwa fundi wa magari pembeni. Nikanyamaza.

Badala yake tukamwambia Mama Kapinga aandike polepole. Akaandika polepole siku tatu, na haikuganda hata mara moja. Tukatazamana kama watu waliopona. Mimi ndiye niliyemwambia, kama mdogo kwa dada yake, "Yaya Kapinga, inatembea sasa." Si Papa. Ni mimi.

Asubuhi ya mtihani tulipeleka mashine ofisini, mimi na yeye. Papa alibaki kwa ajili ya magoti yake mabovu. Kulikuwa na chef wa personnel na mabwana wawili wa karatasi. Mama Kapinga alivaa casque masikioni, akanyoosha vidole, akauliza, "Niandike nini, Chef?"

"Barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili. Ukurasa mmoja. Kwa Kifaransa, hapana Kiswahili ya sokoni."

"Chef, hata ku soko tunaombaka ruhusa."

Mmoja wa wale mabwana akacheka, akajificha kwa mkono.

Akaanza. Nilisimama nyuma yake. Baada ya wiki nyingi za kukaa ubavuni mwake nilikuwa ninasoma vidole vyake kama ninavyosoma ukuta. Mwanzo alikwenda polepole kama tulivyomfundisha, na maneno yakatokea kwenye ekrani, ninawatafsiria: Bwana Chef. Halafu akalipata lile alilotaka kusema, na vidole vikakimbia. Hakuwa tena mtu wa mtihani. Alikuwa mtu anayeandika barua yake.

Hapo mshale ukalala.

Kwenye ekrani ilibaki "Bwana Chef" peke yake. Mabwana hawakusikia kitu, casque ilikuwa masikioni mwake yeye. Lakini mimi nilijua anasikia nini. Alikuwa anasikia sauti yangu, te-te-te-te, ndani kabisa ya kichwa. Nikaona shingo yake imekaza kidogo. Na hakusimama. Tulimwambia asisimame. Aliendelea kuandika, mstari kwa mstari, bila kosa, na mimi nikasoma kwenye vidole: mama yangu amezeeka, anataka kuona kaburi la baba yangu kule Kambove, na njia ameisahau; mimi ninaikumbuka. Herufi zote zilikuwa zinajazana mlangoni, na mlango haukufunguka.

Aliweka nukta, akarudisha mikono juu ya magoti.

"Nimemaliza, Chef."

Walitazama ekrani. Chef akasukuma panya. Akabonyeza kila mahali. Mimi nikaanza kusema haraka haraka, ni mashine, si yeye, ngojeni dakika mbili. Nikangoja ijifungue. Haikujifungua. Ikabidi nichomoe waya, na ilipowaka tena hata "Bwana Chef" hakuwepo. Na kwa kuwa utaratibu wao ulisema kazi ya mtahiniwa lazima itolewe kwenye karatasi, walitoa ukurasa mweupe, wakaupiga stempu tatu chini, wakatia sahihi, wakafanya na kopi.

"Chef, aliandika," nikasema. "Niliona bidole byake. Barua yote niko nayo mu kichwa."

"Mademoiselle, hatuandikishe bidole ku kazi. Tunaandikisha karatasi."

"Mupatie mara ya pili."

"Mashine ni ya nani? Ni yetu ama yenu?"

Mama Kapinga alikuwa bado ameketi, amegeuza uso upande wa sauti zetu. "Haikuandika?" akauliza. "Ata kidogo?" Mabwana walianza kukusanya karatasi zao. Nikajibu mimi.

Tulirudi. Papa Tshibangu alisoma sura yangu mlangoni, akanipisha. Niliketi. Baada ya muda nikasikia anaburuta kitu. Alikuwa ameitoa mashine ya pili kwenye rafu, yeye na magoti yake, akaifunga kwenye batri kando ya ile ya kwanza.

"Angalia," akasema. "Angalia sasa hii, minaomba."

Ilichukua nusu saa. Wanangu, nusu saa. Nilikaa kwenye mashine ya pili, nikaisimamisha Kinywa iliyo kwenye ya kwanza. Ya kwanza ikaganda kama kawaida, na kutoka nje nikaona kila kitu wazi. Kwanza nikaelewa kwa nini débogueur ilikuwa inaniua: nilikuwa ninamsimamisha mlinzi huku amesimama mlangoni. Mlinzi amelala, mlango umefungwa, na mimi ninapiga kelele ndani nikiomba afungue. Memwari haikuwa na kosa, wala clavier. Kisha nikaona ugonjwa wenyewe. Kinywa ilingoja sauti iishe ndipo ifungulie herufi. Mtu akiandika polepole, sawa. Akikimbia, sauti zinapandana, kila moja inangoja mwenzake imalize, na hakuna inayomaliza. Mimi nilipojaribu niliandika kwa vidole viwili. Sikuwahi kukimbia kama yeye.

Dawa ilikuwa kuhamisha mistari miwili. Fungulia herufi kwanza, sema baadaye. Nilichukua wa chini nikaweka juu. Basi.

Kwa hiyo shikeni haya. Programu inayoshika clavier au panya usiisimamishe ukiwa ndani ya mashine hiyohiyo. Itazame kutoka mashine nyingine. Kama hamna nyingine, iandikishe kila hatua katika faili, usome ikishakufa. Na mpeni kujaribu yule mwenye mikono ya haraka, msijaribu ninyi waoga. Papa aliifuta ile sheria ya ukuta siku hiyohiyo, kwa kiganja. Tukaazima batri ya pili kwa fundi wa magari pembeni. Alitupatia bila kuuliza hata swali moja. Hilo nalo nililibeba.

Nilirudi kwa chef na mashine iliyopona. Akanisikiliza amesimama. Nafasi ilikuwa imekwisha kupata mtu.

Wiki iliyofuata Mama Kapinga alikuja kurudisha casque. Akatoa karatasi ndani ya mfuko.

"Banasema hii ni kopi yangu. Batu ba ofisi banapenda kopi. Iko nini juu?"

"Stempu tatu, Yaya. Na sahihi yao."

"Na yangu?"

"Hakuna kitu."

Akaipapasa, juu hadi chini, kwa ncha za vidole. "Ni kweli. Iko laini." Kisha akacheka kidogo, na cheko hilo sikulipenda. "Ulisoma bidole byangu, ile siku? Bilikosea mahali?"

"Hapana. Ata mahali moja."

"Bon. Weka, basi. Minye nitafanya nayo nini?" Akainuka. Papa alimshika mkono hadi barabarani, akabaki huko muda mrefu akitazama moto-taxi iliyokwisha kupotea. Hakuandika programu nyingine tena. Alitengeneza redio hadi mwisho wake. Na Mama Kapinga alibaki nyumbani na mama yake. Nilikwenda kumwona mara mbili, mara ya tatu nikakosa ujasiri, na hilo pia ni langu.

Nilifanya kazi miaka mitatu baada ya hapo. Daktari amesema viganja, na viganja ni kweli. Lakini si viganja peke yake.

Jumapili moja, kabla sijaacha kazi, watu wakiwa misa, nilifungua atelier peke yangu. Niliweka ile karatasi ya stempu tatu ndani ya printa, upande uleule wa stempu. Niliketi, nikaandika barua yote kama vidole vyake vilivyoiandika, kwa mwendo wake uleule, kadiri nilivyoweza, hadi mstari wa mwisho ambao mabwana wale hawakuuona: Nitarudi siku ya tatu, saa moja na nusu asubuhi, mezani pangu. Nikaweka jina lake chini, juu kidogo ya stempu, nikabonyeza chapa.